Siku Nilipomsifia Salome wa Kitabuni

Jamani, kuna aibu mtu anaweza kufa nayo kifuani, lakini hii yangu akina mama wa vigango vyote vya parokia waliiona kwa macho yao, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ni Mama Kulwa, nauza mchele na dagaa hapa Runzewe, na ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango chetu (nilichaguliwa bila kupingwa, naomba hilo lieleweke). Nilikuwa na amani zangu mpaka alipohamia Mama Jovin. Mumewe alikuwa mgodini Buzwagi, kazi ilipokwisha wakaja huku kufungua mashine ya kusaga. Mwanamke mwembamba, mpole, na kila ukipita unamkuta kaketi juu ya gunia, nyusi nyeupe kwa unga, anasoma riwaya. Basi kila mahali ikawa Mama Jovin kasema hivi, Mama Jovin ana maneno ya kutuliza, ukigombana na wifi yako kaongee na Mama Jovin. Na mimi je, ambaye walikuwa wanakuja kwangu? Roho iliniuma, sifichi. Nikaanza kupeleka mahindi yangu mashine nyingine, ambako unga unatoka na mchanga, ili mradi nisimwone.

Jumapili moja baada ya Misa, Padre akakaa na sisi akina mama. Akasema mama mwenye shughuli nyingi ndiye hasa anayehitaji kitabu kikubwa, hata ukurasa mmoja wakati maharage yanachemka, maana kinakuingiza moyoni mwa mtu mwingine, na ukirudi unamwelewa hata jirani yako. Akataja riwaya moja anayoipenda, akauliza nani ameisoma, aje aizungumzie kwenye mkutano wa vigango. Macho yote yakamwendea Mama Jovin. Kabla hajafungua mdomo nikajisikia nikisema, "Hata mimi nimeisoma, Padre. Nitaizungumzia mimi."

Sikuwa nimeiona hata jalada.

Ikabidi niende kuiazima kwa yule yule (nikamdanganya kwamba yangu iko kwa shemeji Ushirombo). Akaipangusa unga, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mama Kulwa, mwanzo wake unachanganya kidogo," akasema. "Ukitaka tukae nikueleze, niambie tu." Mimi nikasikia dharau, nikamjibu asante, najua kusoma, nikaondoka.

Wiki ile mpunga ulikuwa unaingia, nikasoma ukurasa wa kwanza nikasinzia. Asubuhi ya mkutano nikafungua huku na huku nikiwa bado kwenye meza ya dagaa, nikakutana na jina la Salome. Baba mwenye nyumba alimpiga Salome, naye akainamisha kichwa akanyamaza. Watoto wote wa nyumba ile walikua kwa nguvu ya Salome. Ukurasa wa mwisho Salome anakufa, na yule baba anakaa nje asile chakula. Nikasema hapa nimeshapata yote, tena nikatokwa na machozi kidogo.

Nikasimama mbele ya ukumbi mzima, kitenge kipya, Padre kiti cha mbele. Nikamweleza Salome kama mke wa Kikristo, uvumilivu wake, ukimya wake, alivyowalisha watoto bila kulalamika. Watu wakaanza kutazamana, nami nikadhani wameguswa, nikaongeza sauti. Nikawaomba wasimame tuwaombee kina Salome wote waliomo kwenye ndoa zetu. Nusu wakasimama, nusu wakaziba midomo kwa khanga.

Ndipo Bibi Ng'washi, mzee wetu asiyejua kusoma hata herufi, akaniita kwa upole, "Mayu, mama yangu, huyo Salome si ng'ombe?"

Kumbe Mama Jovin alikuwa akiwasomea kwa sauti wateja wa vigango vyote kila siku wakisubiri zamu ya kusaga. Ukumbi mzima ulikijua kitabu kile isipokuwa mimi niliyeikimbia mashine. Walicheka mpaka Padre akavua miwani akafuta macho. Mama Jovin peke yake hakucheka. Akainuka, akasema mwenyekiti amefanya vizuri, maana sasa tujiulize kwa nini maisha ya ng'ombe yamefanana hivyo na ya mke. Wakampigia makofi. Afadhali angecheka, jamani, ningepata sababu ya kumchukia.

Kitabu sikukirudisha upesi. Nilikisoma chote, hapo hapo mezani, nikipima mchele huku kidole kiko katikati ya kurasa, mpaka mvua zikaanza na kuisha. Na humo nikamkuta mke wa nyumba ile, ambaye anamwonea wivu Salome, kwa sababu mume anamwita ng'ombe kwa jina, lakini mkewe anamwita "wewe". Anaacha hata kupita karibu na zizi, ili mradi asimwone. Nilipofika hapo niliona uso unaniwaka nikiwa peke yangu, na mteja aliyekuwa anasubiri nusu kilo akachoka akaenda kwingine.

Kuzungumzia kitabu nisichokisoma, kamwe, hata kama anayeniomba ni Askofu. Wivu ndio sijamaliza. Nilipomrudishia chake Mama Jovin nikamkuta kaanza kingine, kinene zaidi, nikamuuliza kinapatikana wapi. Nimeshakiagiza Kahama, na Mungu anisamehe, nataka nikimalize kabla yake.