Karatasi Zisizo na Muhuri

Mtaani walimwita Bwana Kwangua, naye hakuudhika. Kwa miaka kumi na tisa aliamka na ndoo, brashi na kikwanguo cha bati, akazisafisha kuta za mji. Alibandua matangazo ya waganga, vyumba vya kupanga na wagombea waliokwisha kushindwa. Majina ya vijana waliopendana kwa wiki mbili aliyafunika kwa chokaa.

"Bwana Kwangua," kinyozi wa kona alimchokoza, "leo umeniondolea mganga wangu! Sasa mke wangu atarudi vipi?"

"Mke wako alikimbia wembe wako. Hilo halina mganga."

Alikuwa na siri moja ya kazi, ambayo alimwambia dada yake tu: hakusoma anachokibandua. Si kwamba hakujua kusoma. Maisha aliyaanza kwa kuandika vibao vya maduka. Ila mwaka wake wa kwanza kazini alisoma karatasi ya mtoto aliyepotea, akaiacha. Siku ya pili yake ukuta ule ulikuwa na karatasi thelathini za kila aina, na yeye akapewa barua ya onyo. Tangu hapo alitazama kona ya chini tu, pale panapogongwa muhuri wa ofisi ya mji. Ukiwapo, anapita. Usipokuwapo, analowesha, anasubiri ilegee, anakwangua.

Baba yao aliishi kwa huyo dada, fundi cherehani. Akili ilikuwa ikimtoka mzee kidogo kidogo, leo anasahau jina la mjukuu, kesho anatafuta miwani iliyo usoni. Jumatatu moja alitoka kununua kiberiti, asirudi. Walizunguka mpaka miguu ikawaka moto. Jioni dada akaja na karatasi arobaini, picha ya baba juu, namba ya simu chini.

"Twende tukabandike, mdogo wangu."

"Bila muhuri, dada, kesho nitazibandua mwenyewe. Nipe, asubuhi nikazigongeshe."

"Mpaka asubuhi baba atakuwa wapi?"

"Ni usiku mmoja tu, dada."

Dada alimpa ishirini. Zilizobaki alikaa nazo, na kabla jua halijatoka alikuwa amekwisha kuzibandika.

Bwana Kwangua alizikuta kwenye ukuta wa bohari, kumi na moja kwa mstari, zimenyooka kama pindo la nguo. Safari hii hakuwahi kutazama kona. Baba yake alikuwa akimtazama.

"Hizi hazina muhuri," msimamizi wake wa kazi alisema nyuma yake.

"Ni baba yangu, bosi."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia. "Pole sana, mzee wangu. Lakini mkaguzi anapita saa nne, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukiacha moja umeziita thelathini. Utazirudisha mchana, zikiwa na muhuri."

Angeweza kukataa; hakuna aliyemshika mkono. Lakini miaka yote ile alikuwa amewabandulia watu wazee wao na watoto wao, akajiona hana uso wa kumbakiza wa kwake. Akazilowesha. Alijitahidi kuzitoa nzima, ila gundi ya dada ilikuwa ya unga uliopikwa ukaiva. Kidevu kilimjia mkononi, paji la uso likang'ang'ania ukutani. Akapaka chokaa.

Ofisini aliambiwa mwenye muhuri amesafiri, kabati limefungwa mpaka Alhamisi.

"Umepita barabara ya bohari?" dada alimuuliza mchana.

"Nimepita," alijibu. Hakusema uongo. Zile ishirini alizitazama tu mkobani, asithubutu kubandika hata moja.

Jumatano walimkuta baba kwenye mtaro nyuma ya tanuri za matofali, amekwisha kufa, kiberiti kikiwa bado mfukoni.

Msibani alikuja mama mmoja muuza mkaa. Alikaa karibu na dada, akamshika bega.

"Mimi nilimwona, mwanangu. Jumanne, ameketi juu ya matofali, ananiamkia vizuri tu. Nikasema, huyu si yule wa kwenye picha? Maana niliiona alfajiri nikienda kupokea magunia. Nikarudi mbio nichukue namba ya simu. Nikakuta ukuta mweupe pe. Nikasema, alhamdulillahi, kumbe ameshapatikana."

Dada alikuwa akikunja nguo za baba, mikono ikasimama.

"Nani alizitoa?"

Msimamizi alikuwapo, karibu na mlango. Alifungua kinywa, lakini Bwana Kwangua alimtangulia.

"Ni mimi, dada."

Dada hakupiga kelele. Alimaliza kukunja shati, akalilaza juu ya mengine. Kisha akamsukumia koti la mzee.

"Lichukue wewe. Mimi kila nikilitazama naona mtu. Wewe umezoea kutotazama."

Akalichukua. Barazani watu walimsogezea nafasi kwenye benchi, akaketi na koti magotini, vifungo vyote vikiwa vimefungwa kama baba alivyopenda. Wageni waliondoka mmoja mmoja. Kutoka ndani aliisikia sauti ya dada yake ikiwaaga kwa majina, akingoja kama naye ataitwa. Hakuitwa.