Ngano ya Saa Nane Mchana

"Na mama akifa kweli, je?" jirani yangu wa dawati alininong'oneza.

Juzi, ndani ya basi la Igunga, harufu ya tumbaku ilinirudisha darasani kwetu Tabora. Sweta la jirani yangu huyo lilinuka hivyo hivyo, kwa kuwa kwao walilima tumbaku. Mwalimu alikuwa akitufundisha kutunga ngano, akamwita asimulie aliyoandika. Akakataa. Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba anayesimulia ngano mchana hufiwa na mama, na mama yake alikuwa mgonjwa, amelazwa hospitalini.

"Mwanangu, mtihani hausubiri giza," mwalimu akasema. Darasa likacheka.

Mimi, mbishi wa kila kitu, nikamsukuma begani. "We nawe! Sungura wa ngano amuue mama yako? Kasimulie, tuone."

Akasimulia. Ilikuwa nzuri kuliko zetu zote. Kabla ya kengele ya mwisho mjomba wake alifika na baiskeli, akasema mama amefariki. Mwenzangu aliniangalia mara moja, akapanda. Hakurudi shule.

Nilipomaliza chuo nilikutana na mjomba huyo kule Isikizya. Alisema mama alikata roho alfajiri, kabla hatujaingia darasani. Nikauliza kama yule binti, mwenzangu wa dawati, anajua.

"Saa aliyokufa? Hajawahi kutuuliza."