Mama na Mikutano ya Wagombea

Mama alipomaliza eda ya baba, alikataa kutoka nyumbani. Nikimwambia twende tukanyooshe miguu ufukweni, hapa hapa mtaani kwetu Azaiba, huniambia jua kali. Jua likizama, huniambia umande.

Kilichomtoa ni uchaguzi wa Baraza la Shura, bunge la huku. Mtoto wa jirani yetu aligombea, na mama yake akaja mwenyewe kumwalika mama kwenye mkutano wa wanawake. Jirani huyo ni wa watu waliohamia huku kutoka Tabora, sisi kutoka Unguja, na muda wote yeye na mama wameongea Kiswahili juu ya ukuta. Kumkatalia kusingewezekana. Mama akajifukiza udi, akavaa abaya yake nzuri.

"Tunakaa kidogo tu," aliniambia garini. "Nna goti mimi."

Mgombea alihutubia kwa Kiarabu cha vitabuni, tena mbio. Alikuwa amefika kwenye ajira za vijana pale mwanamke wa nyuma yetu aliponong'ona kwa Kiswahili, "Huyu kasema nini tena?" Mama akageuka. Hotuba ilipokwisha wale wawili walikuwa wameshajuana mpaka kwa mashangazi, na goti halikutajwa. Kabla ya kuagana, yule bibi akamwambia kuna mkutano mwengine Alhamisi, Wattaya, na kule sambusa zao ni za nyama.

"Mama, Wattaya si wilaya yetu," nilimwambia tukirudi. "Yule huwezi kumpigia kura."

"Kwani kusikiliza kumekatazwa?"

Basi tukaenda Wattaya. Tukaenda hata kijijini Yiti, kwenye hema, ambako mama alimuuliza mgombea ataifanya nini barabara ya kijiji ambacho ndiyo kwanza anakitia machoni. Wenyeji wakampigia makofi mama, akarudi nyumbani na mfuko wa samaki. Mimi nilikuwa dereva wake. Nikitoka kazini namkuta mlangoni kashavaa, ananiangalia kama mtu aliyecheleweshwa safari.

Shida ilikuja alipokwenda kwa mpinzani wa mtoto wa jirani. Picha ikazunguka kwenye WhatsApp: mama yuko safu ya mbele, kikombe cha kahawa mkononi, anacheka. Asubuhi yake jirani akaja, akakaa, hata chai asiiguse.

"Dada, tumekuona."

"Mmeniona," mama akasema. "Nilikwenda kumsikiliza, nijue mwanao kamzidi nini."

"Na amemzidi nini?"

Mama akafikiri. Nilimwomba Mungu aseme elimu, au heshima.

"Mwanao hotuba anaimaliza mapema."

Jirani mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akaivuta chai yake.

Siku ya kupiga kura mama aliamka na udi wake tena, kanga mpya ndani, wanja machoni. Nikamkalisha kwenye kochi nikamletea simu.

"Nini hii?"

"Ndiyo kura, mama. Inapigwa hapa hapa."

"Hapa kwenye kochi?" Akaitazama abaya yake toka juu mpaka chini. "Na huyo atakayeniona nani?"

Nikamwambia simu yenyewe itamwangalia uso, ihakikishe ni yeye. Hilo lilimpoza kidogo. Akavua miwani, akaweka sura yake ya pasipoti, na simu ikamkataa. Akajaribu tena, ikamkataa tena. Mwisho alicheka kwa hasira, na ndipo ilipomtambua. Kisha akaniamuru nigeukie ukutani. Mpaka leo hajaniambia kamchagua nani, na mimi ninayemlipia hiyo simu siwezi kumuuliza.

Mtoto wa jirani alishindwa. Mama alipika vitumbua, akavuka na bakuli, akakaa kule mpaka magharibi. Sijui walisema nini. Niliwasikia tu dirishani, wakibishana jinsi ya kupika boko boko.

Nilidhani sasa atarudi kukaa ndani. Alhamisi iliyofuata akanipigia simu kazini kuniambia nisichelewe, shoga yake, yule bibi wa sambusa, anamngojea Wattaya.

"Mama, kampeni si zimekwisha?"

"Zimekwisha," akasema. "Leo tutaongea sisi."