Nafasi ya Upepo Mtungini

Mama yangu alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, akaolewa huku milimani Masisi, mbali na maji. Alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi ya kwao, na mpaka leo nikifumba macho harufu ya pombe ile hunijia kabla ya sura yake.

Kasiksi, pombe ya ndizi ya Masisi, kila mtu anaijua: nzito, tamu, hunywewa ingali changa, na anayechelewa atakuta mirija mitupu. Ya Mama ilikuwa kitu kingine. Aliichuja mpaka ikang'aa, nyeupe ya kukaribia rangi ya majani makavu, akaimimina mtungini bila kuujaza, kisha akaiacha miezi na miezi.

"Acha nafasi," alikuwa akisema. "Upepo nayo inalala mule."

Polepole utando mweupe ulitanda juu yake, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemshwa. Mama aliuita shuka. Chini ya shuka pombe ilipoteza utamu wote, ikaanza kunukia karanga za kukaanga. Majirani walisema imeharibika. Sisi tulikunywa kidogo kidogo, Krismasi na Pasaka. Alasiri za mvua, ukungu ukishuka juu ya maharagwe, nilikaa karibu na mtungi nikidhani nausikia ukipumua.

Shuka ile ilitoka kwa bibi, na kwa mama yake bibi. Binti akiolewa hupewa kibuyu, nusu tu, akaanzishe mtungi wake. Kwa hiyo nilipochumbiwa na kijana wa Walikale sikuota gauni. Niliota kibuyu.

Arusi ilipokaribia, Mama alikwenda soko la Kitshanga kutafuta mchele. Shangazi, dada ya Baba, alikuwa amekuja kutoka Muheto kutusaidia, na mikono yake haijui kukaa. Kwetu, wakwe wakikuta mtungi nusu ni aibu ya nyumba nzima. Watasema mmekunywa kabla yao. Shangazi akafunua, akaona nusu, akaona na ule utando akadhani ni uchafu. Akaukomba wote kwa kata, akaumwaga shinani mwa mgomba, kisha akaujaza mtungi hadi mdomoni kwa kasiksi aliyoibeba mwenyewe mgongoni kutoka kwao. Akaufunga barabara kwa majani.

"Dada, nimekujazia mutungi!" alimwambia Mama aliporudi, uso umejaa furaha. "Hatutapata haya."

Mama akafunua.

"Aksanti, dada," akasema, akaenda nyuma ya nyumba akapiga magoti kwenye mgomba. Sikuwahi kumwona akilia vile, hata siku habari ilipofika kwamba mama yake amefariki kisiwani.

Nilimkasirikia Shangazi hadi nikashindwa kumtazama. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Wangeongeza tu kwamba mitungi ya watu usiiguse. Mwishowe nikamweleza. Alikaa chini palepale, kata ikiwa bado mkononi.

Mama alipunguza pombe mpaka nusu, akafunika kwa kitambaa chepesi. "Pengine udongo ya mutungi inakumbuka," alisema. Tukangoja. Shangazi alikataa kurudi Muheto. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufunua, akichungulia kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa, na kila asubuhi pombe ilikuwa wazi, bila shuka, inamrudishia uso wake. Usiku niliota ziwa ambalo sijawahi kulivuka, limetandikwa shuka mwambao hadi mwambao.

Arusi ikiwa mlangoni kabisa, sauti ya Shangazi ikatuamsha.

"Bibi-arusi! Kuya uone! Imerudi!"

Ilikuwa imerudi, kipande kidogo kama kiganja, pembeni kwenye udongo. Mama na Shangazi walikumbatiana wakicheka na kulia, nami nikalia pamoja nao, hasira yangu imekwisha.

Nilikwenda Walikale kwa pikipiki, kibuyu nusu kati ya magoti, matope na msitu vikipita pembeni kama usingizi. Mama hakuniaga kwa maneno mengi. "Usiache bakajaze," alisema, "hata kwa mapendo."

Mama mkwe alinipokea kwa vigelegele. Alipokiinua kibuyu akasikia wepesi wake, akanihurumia.

"Mutoto yangu, balikutuma na kitu nusu? Leta, tujaze."

Akainua jagi la pombe ya mchikichi. Nikaweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu.

"Hapana, Mama. Acha nafasi."

Bibi-arusi hasemi hapana siku ya kwanza, hata mimi nilijua. Mama mkwe alinitazama, akatazama mkono wangu, akaliweka jagi chini. Akainama, akanusa.

"Inanuka karanga."

"Njo harufu ya mama yangu," nikasema.

Akauliza tukiweke wapi, moshi usikifikie.