Mwanamke wa Koti Jekundu Ukutani kwa Domitila

Haya yote ni kweli tupu, na nikikutwa nimedanganya, nitalipa.

Saa mbili asubuhi, Bariadi, mwaka 1994. Ndaki, mchora mabango, yuko juu ya ngazi katika mgahawa wa Domitila, anamalizia msitu wa Ulaya: miti isiyo na jani hata moja, ardhi nyeupe. Katikati, mwanamke wa koti jekundu ametugeuzia mgongo, anakwenda zake peke yake.

"Watu wananiuliza nani kamwaga pamba yote hiyo," anacheka Ndaki. "Ni theluji. Sijawahi kuiona, ila nikiichora nasikia baridi."

Picha ameinakili kutoka kwenye kalenda ya wanunuzi wapya wa pamba. Tangu biashara iachiwe huru, huandika mabango matatu kwa wiki. Huu ndio ukuta wake wa kwanza usio na bei ya soda.

Siku ya tisa sasa wateja wanautazama kimya. Hata waliozoea hadithi za mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha pamba, wamempa kisogo.

Anaingia Nyanjige, mke wa Ndaki, na ndoo ya chokaa.

"Shuka! Huyo ni nani?"

"Mama Sayi, ni mtu wa kalenda tu."

"Kalenda! Anauza vitenge Ipililo, na koti umemnunulia wewe. Mimi tangu unioe nina mwavuli mmoja! Namfuta, kisha narudi kwetu Kimali."

"Mgongo tu, umejuaje ni wa Ipililo?"

"Nimeambiwa!"

Domitila anachomoa kalenda nyuma ya kabati la maandazi. "Tazama mwenyewe. Desemba. Koti lile lile."

Nyanjige anatazama, anatazama tena. Anatua ndoo. Kisha anaigeukia meza ya pembeni, ambako mwandishi wa simulizi hii amejificha nyuma ya kikombe.

"Guku, hilo duka la vitenge liko wapi?"

"Mjukuu wangu... watu walikuwa hawanisikilizi tena."

"Makopo mawili ya rangi," anaamua Domitila. "Leo hii."

Ndaki ana mpango wake. "Ukuta wa pili nachora Kimali, ng'ombe wanarudi, na mke wangu mbele, uso mzima."

"Na huyu mzee?" anauliza Nyanjige.

"Msituni, nyuma ya yule mama."

Rangi nimenunua. Nimo ukutani, pekupeku, na hakuna anayegeuka kunisikiliza. Theluji ni baridi kweli, jamani.