Kichwa Chepesi

Kwa miaka kumi na tisa, kabla hajashika kichwa cha mbwa hata kimoja, Kidole alishika vichwa vya watoto wa binadamu. Alikuwa mhudumu katika wodi ya wazazi, wa kubadili mashuka na kupeleka maji ya moto. Lakini mkunga mkuu wa wodi ile, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, aligundua mapema kwamba mhudumu huyu mkimya alikuwa na akili zaidi vidoleni kuliko wengine walivyokuwa nayo mdomoni.

"Kidole, njoo hapa," alikuwa akiita mtoto akilia bila sababu. "Hebu niambie huyu ana nini."

Naye alipitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya utosi, pale mahali laini katikati ya kichwa ambapo mfupa wa mtoto bado haujafunga. Utosi ukiwa umebonyea, alisema neno moja tu: "Maji." Ukiwa umevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma, hakusema kitu. Alimtazama mkunga, na mkunga akakimbia.

Jina likamganda. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo, na bintiye alipokuwa shule ya msingi aliwahi kuandika kwenye fomu: jina la mama, Kidole. Mwalimu aliyeipokea fomu ile alicheka hadi machozi yakamtoka. Miaka mingi baadaye, wodi ilipopunguza wahudumu, mwalimu yuleyule, sasa mstaafu, ndiye aliyemtumia salamu: nina kazi ya vidole, njoo.

Kazi yenyewe ilikuwa Chiwawa, mbwa wadogo wa kuenea kiganjani.

Mwalimu alikuwa akiwafuga katika chumba kilichokuwa maktaba yake. Vitabu vilibaki kwenye rafu za juu, na rafu za chini zilikuwa na masanduku yaliyotandikwa magazeti, kila sanduku na mama mmoja na vitoto vyake. Palikuwa na mizani ya jikoni, taa nyekundu ya kuwapa joto, na harufu ya maziwa na karatasi mbichi. Kila mtoto alikuwa na kadi: rangi, uzito, chanjo, tabia, kichwa. Kidole alipima na kuandika. Mwalimu alisahihisha, kwa wino mwekundu, kwa sababu mkono uliozoea kusahihisha miaka thelathini hauachi kwa siku moja.

Mwalimu aliwagawa Chiwawa wote wa dunia mafungu mawili. Kuna wa kichwa cha tufaha: fuvu la mviringo, paji la uso lililoshuka wima mpaka kwenye kipua kifupi, macho mawili makubwa kama vifungo vya koti. Na kuna wa kichwa cha swala: paji lililolala, pua ndefu, masikio makubwa, miguu mirefu kidogo, uso kama wa mtu anayesikiliza umbea.

"Wa tufaha ndio Chiwawa," alisema. "Hawa wengine ni makosa ya tahajia."

"Lakini wanasomeka, Mwalimu."

"Hata barua ya mlevi inasomeka."

Kidole alinyamaza, maana kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Lakini aliyempenda kuliko wote mle ndani alikuwa jike mmoja mwenye pua ndefu, mzee wa miaka kumi na miwili, asiyewahi kuugua hata mafua, ambaye Mwalimu alimficha jikoni wageni wakija.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Mwalimu aliinama sana. Kila uzazi alichagua dume na jike wenye vichwa vya mviringo zaidi, na watoto wao akawachagua tena. Mwishowe hakuona nje ya chumba kile kichwa kilichomridhisha. Akampandisha jike Kokwa na baba yake mwenyewe.

"Mwalimu," alisema Kidole, "hata sisi tusiosoma tunajua hilo halifai."

"Mbwa hawana mahari, mdogo wangu, wala hawana wakwe. Tulia."

Walizaliwa wanne. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili aliishi siku sita. Wa tatu, kama kwa kejeli, alikuwa na pua ya swala, na alikuwa akinyonya kama mtu aliyekuja kwa shughuli hiyo tu. Wa nne alikuwa Punje.

Mwalimu alimnyanyua Punje kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza huku na huku. Kichwa kilikuwa mviringo kamili, kama balbu ya taa. "Huyu," alinong'ona. "Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta."

Kidole aliweka kidole. Alikuwa ameshika utosi wa Chiwawa wengi kufikia siku hiyo. Wengi huzaliwa nao wazi, na wengine huzeeka nao, upana wa dengu moja, bila neno. Hapa ncha yote ya kidole gumba ilizama. Chini yake kitu kilidunda, karibu mno, kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani.

Alingoja. Wiki ya nne, ya sita, ya nane. Mfupa haukukaribiana. Wiki ya kumi alipogusa, ngozi ile haikuwa laini tena. Ilianza kukaza, kama zile alizozijua tangu wodini. Alimtazama Mwalimu. Mwalimu hakukimbia.

"Andika kadi," alisema. "Yuko mtu wa kumchukua kesho."

"Niandike utosi uko wazi?"

"Mtu akisoma neno wazi anaona kaburi. Chiwawa wote wanao, wewe unajua."

"Si hivi, Mwalimu. Huyu aonwe na daktari kwanza."

"Akaonwe huko aendako. Andika ukweli, lakini kwa adabu."

Kidole alikaa na kalamu mpaka wino ukakauka nchani. Alitafuta neno ambalo lingesema mfupa ni mwembamba, kama kitambaa chepesi kinachoonyesha mwanga. Mwishowe, kwenye mstari wa kichwa, akaandika: Kichwa chepesi.

Mwalimu alisoma, akaishusha miwani, akasoma tena. Alikuwa amefundisha lugha miaka thelathini. Alijua kwamba hakuna mtu atakayesoma maneno yale akafikiria mfupa. Tabasamu likamjia polepole. "Vizuri sana," alisema, na kwa wino mwekundu akapiga vema.

Ndipo Kidole alipoelewa alichoandika. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye kadi, ukasimama, ukarudi mapajani.

Mnunuzi alikuwa fundi saa, mgane wa miaka sitini na kitu, mwenye alama ya lenzi iliyokwisha kujichora kuzunguka jicho lake la kulia. Tangu mkewe afariki alikuwa akila kwa kusimama. Alisema hivyo mwenyewe, bila kuulizwa, kisha akaona haya na kuishika kadi mbele ya uso wake.

"Ana kichwa chepesi!" akasoma. "Alhamdulillahi. Wanangu wote wawili niliandikiwa ripoti za kichwa kizito. Angalau huyu wa mwisho atanifuta machozi."

Mwalimu alicheka. Fundi alicheka. Punje alilazwa ndani ya kofia ya sufu. Mlangoni Kidole alifungua mdomo.

"Kidole," alisema Mwalimu bila kugeuka, "maji yanachemka jikoni."

Kidole alikwenda jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, na sufuria lilikuwa kavu. Alisimama pale hadi aliposikia lango likifungwa.

Wiki tatu zilipita. Alipima, akatandika magazeti, akaosha chupa. Kila alipogusa kichwa kigumu cha mtoto mwingine alihesabu siku za Punje. Kisha, siku moja baada ya chakula cha mchana, simu ya Mwalimu ililia, na Mwalimu akaizungumza kwa furaha, akimwashiria Kidole asikilize.

"Ni fundi saa," alisema alipoiweka chini. "Unajua Punje anafanya nini? Anazunguka! Siku nzima anazunguka mezani kama mshale wa saa, na hakuna aliyemfundisha. Kichwa chepesi, si ndivyo ulivyoandika?"

Maziwa aliyokuwa akiyamimina Kidole yalifurika kikombe, yakajaa kisahani, yakaanza kudondoka sakafuni. Akaiweka chupa chini. Akavua aproni.

"Unakwenda wapi na kazi hii?"

"Kwa fundi."

"Ukivuka mlango huo kwenda kuniharibia jina, usirudi."

"Sawa, Mwalimu," alisema Kidole, na kwa kuwa adabu ilikuwa imemzoea, alifuta kwanza maziwa yaliyomwagika, ndipo akatoka.

Duka la fundi saa lilikuwa na upana wa mlango wake tu. Saa za ukutani zilikuwa zaidi ya arobaini, na hakuna mbili zilizokubaliana. Juu ya meza, kwenye kitambaa cha kijani, Punje alikuwa akizunguka. Alizunguka kwa duara dogo, upande uleule, kichwa kimeinama, bila kucheza. Macho yake yalikuwa yameangukia chini na kando, kama ya mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Umekuja kumwona mwanafunzi wako!" fundi alisema, akimvutia kigoda. "Tazama, dada. Hachoki. Nadhani ni sauti ya hizi saa."

Kidole aliweka kiganja mbele ya Punje. Punje alikisukuma kwa paji la uso, akaendelea kusukuma, kana kwamba hapakuwa na mkono duniani.

"Anajigonga ukutani?"

"Kidogo. Macho makubwa, hayana breki."

"Anakula?"

"Jana alisahau bakuli liko wapi. Hata mimi husahau, dada, sikumlaumu." Fundi alicheka, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa Kidole. "Kuna nini?"

Maneno hayakuwahi kumjia Kidole kwa urahisi. Kwa hiyo alifanya alichojua: alikishika kidole cha fundi, kidole kilichozoea skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, akakiweka taratibu juu ya kichwa cha Punje.

Fundi alitulia. Jicho lake la kulia lilijifinya, kama vile lenzi iko mahali pake.

"Kinadunda," alisema.

"Hapo palipaswa kuwa na mfupa. Maji yanajaa ndani, yanambana ubongo. Kuzunguka kule si mchezo, fundi. Ni ugonjwa."

"Lakini kadi ilisema..."

"Niliandika mimi. Nilimaanisha mfupa ni mwepesi, kama karatasi." Akameza mate. "Nilipomaliza kuandika, nikajua utasomaje. Nikaacha."

Saa mojawapo ilipiga nane. Nyingine ikapiga tatu. Fundi hakuondoa kidole.

"Nimekuwa nikimpigia makofi," alisema hatimaye. "Kila akizunguka, nampa kipande cha nyama. Nampigia makofi."

Kidole aligeukia mlango. "Daktari wa mifugo hufunga saa kumi," alisema. "Wengine hupona kwa dawa, wakiwahiwa. Sijui kama tumewahi. Mpaka pale ni mitaa minne."

Fundi alifungua vifungo viwili vya shati, akamweka Punje kifuani, na juu ya kile kichwa akaweka kiganja bila kukigusa, kama mtu anayekinga mshumaa. Hakufunga duka. Nje, ofisi na shule zilikuwa zikitoa watu wake, na njia ilikuwa imejaa mabega, mabegi, vikapu na viwiko.

"Utasukumwa," alisema Kidole. "Pita nyuma yangu."

Akatangulia, mikono ameitandaza. "Pisheni!" alisema, na hakuna aliyesikia. Akajaza kifua. "Pisheni!" Sauti ilitoka kubwa, ngeni, hata yeye mwenyewe akashtuka. Watu wakageuka, wakaachia nafasi ya mtu mmoja, kisha nafasi ikajifunga tena nyuma ya fundi.

Walikuwa wamevuka mitaa miwili. Mbele yao, kwenye kona, mpaka rangi aliyebeba ngazi ndefu begani alisikia kelele zile, na, kama mtu yeyote mwenye adabu anayetaka kujua anaitwa na nani, akaanza kugeuka, na ncha ya ngazi ikaanza kufagia njia, usawa wa kifua cha fundi.