Pini Sita Kwenye Mswala wa Hooyo

Aibu nyingine mtu huizoea, lakini hii ya njia ya Hadado hata leo ikinijia katikati ya somo la hesabu huwa nageukia ubao nikajifanya nafuta kitu, maana uso huwaka wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa bara niliyeletwa kufundisha Wajir, na kuna basi dogo kuukuu nililoligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, hata pazia la maua (msinicheke, bado). Sasa rafiki yangu Bishaar alikuwa anaoa kule Hadado, na mama yake, Hooyo Halima (hooyo ni mama kwa Kisomali), ana mgongo usioweza kurushwarushwa, kwa hiyo Bishaar akaniomba nimlete huku amelala kitandani, ila tufike kabla ya swala ya alasiri, kwa sababu nikaha ingefungwa baada tu ya swala. Bishaar ndiye mtoto wake wa pekee, na mama alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka na miaka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni dogo sana.

Tukafika kwenye mchanga mzito karibu na adhuhuri, nikasimama nipunguze upepo ili matairi yasizame. Madereva wa huku hufungua kifuniko cha valvu, wakaibonyeza ile pini ya ndani kwa kijiti, tairi moja moja, taratibu, mpaka itoshe. Mimi nilikuwa na kijifunguo cha kung'olea pini hizo (nilikuwa nimeona video kwenye simu, nikajiona fundi), nikasema ya nini kuchuchumaa saa nzima, nikazing'oa zote sita kwa mpigo. Mchanga ulikuwa unachoma magoti, kwa hiyo nilitandika kijizulia nilichokichomoa nyuma ya kiti, nikazipanga pini juu yake, kisha, matairi yakiendelea kupiga mluzi, nikaingia ndani kuinjika chai. Chai! Kana kwamba kuna mtu aliyeniomba.

Hooyo alikuwa nyuma ya gari akitawadha. Nikachungulia dirishani, pakiti ya maziwa mkononi, nikamwona amekiokota kile kijizulia (kumbe ni mswala wake), akaukung'uta mara tatu kwa nguvu zake zote, akautandika na kuelekea kibla. Pini ziliruka kama mtama. Nami nikabaki na mdomo wazi, kwani ningepigaje kelele na mtu anaswali?

Alipomaliza aliniuliza kama tuko tayari. Ukweli ulikuwa pale mdomoni, lakini nitamwambiaje mama wa watu kwamba nimepiga magoti yenye grisi juu ya mswala wake? Nikamwambia matairi yanapumzika kidogo kwa sababu ya joto. Akaingia kitandani kungoja, akaniamini, maana mimi ni mwalimu. Nami nikachukua kichujio cha chai, nikalala kifudifudi, nikaanza kuchuja mchanga wa kaunti, kiganja baada ya kiganja. Saa moja na nusu, pini mbili, na basi limekalia rimu. Pampu ninayo, pini sina, na bila pini upepo haukai.

Alasiri ikikaribia, likatokea lori la unga linaloelekea Hadado. Abiria waliokuwa juu ya magunia waliniona na kichujio, wakaanza kucheka kabla hata lori halijasimama.

"Mwalimu, falfu yake iko wabi?" dereva akauliza, akizitazama valvu zilizo tupu.

Sikuwa na pa kujificha tena. Nikaeleza yote, na Hooyo yuko mlangoni anasikia. Dereva hakuwa na pini za ziada, ila alikuwa na nafasi moja mbele, akampa mama. Hooyo aliutazama mswala, akanitazama na mimi.

"Kama wewe nasema saa ile," akasema polepole, "sisi mbili natafuta."

Akapanda, wakaenda.

Kesho yake Bishaar alikuja na pini nne. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, lakini yeye ndiye aliyeniomba radhi, eti mama yake alinichelewesha. Akaniambia mama alifika watu wameshaanza kula. Walikuwa wamemngoja mpaka sheikh akasema ana nikaha nyingine mbele, wakaifunga. Wakwe walipouliza kwa uchungu kama mama mtu hakumthamini binti yao, Hooyo aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyechelewa kutoka nyumbani, na mwalimu asilaumiwe. Nilijiinamia nikajifanya nakaza pini ambayo ilikuwa imeshakazika.

Siku hiyo hiyo niliendesha mpaka Hadado, nikasimama mbele ya wakwe na kueleza habari ya pini, ya mswala, ya kichujio na ya uongo wangu. Walicheka mpaka wakafuta machozi, na Hooyo akacheka pamoja nao. Tangu hapo napunguza upepo kwa kijiti, tairi moja moja, na nikiharibu kitu nasema pale pale hata mbele ya wanafunzi. Lakini Hooyo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumwona akioa, na siku yenyewe alikuwa kitandani mwangu, akingoja matairi yapumzike.